Nukta ya Rangi ya Kucha

Mteja akiingia dukani kwetu Bukoto, Kampala, salamu haijaisha tayari anauliza fundi yuko wapi. Wengine huuliza kwa Kiganda, wengine kwa Kiingereza, Wakongo na Wakenya kwa Kiswahili. Lugha ni nyingi, jibu ni moja. Kaka yangu husema, "Mimi hapa," bila kupepesa macho, ameketi kwenye kiti chake cha plastiki kando ya kabati la vioo, kikombe cha chai mkononi. Mimi niko hatua chache nyuma yake, upande wa pili wa pazia la maua, nimeshika bisibisi. Nimelisikia jibu hilo miaka mingi mno, hata siku moja nilijikuta nalisema pamoja naye kwa sauti ndogo, kama mtu anayeitikia dua.

Kazi yetu ni kutengeneza mashine za gemu za zamani. Sisemi hizi za sasa, ambazo kijana wa Kampala hucheza na mtu aliye Marekani. Nasema zile za kaseti, tulizozipangia foleni kwenye vibanda vya mbao tulipokuwa wadogo, na zile za kijivu za sidii zilizokuja baadaye. Waliokuwa watoto enzi hizo sasa wana vitambi na ofisi, na wamezikumbuka. Wanazitoa stoo kwa wazazi wao, wanazinunua kwa watu wasiojua walicho nacho, wanatuletea ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, na mende wao humohumo. Kila mmoja anataka utoto wake uwake tena, na anautaka kabla ya Ijumaa.

Duka alianzisha baba, naye alikuwa fundi wa redio. Wazee wetu walikuja huku na misafara ya biashara kutoka pwani, wakaoa, wakabaki, na Kiswahili kikabaki nyumbani kwetu wakati mtaa mzima unaongea Kiganda. Kilichobaki pia ni pazia. Mwanamke wa kwetu haketi dukani mbele ya wanaume asiowajua. Hukaa nyuma, asikie, asionekane. Kaka, ambaye ni mkubwa kwangu, aliwekwa mbele na baba ili ajifunze kazi, lakini hakuweza kutulia. Akishika redio kidogo, mara yuko barabarani anabishana kuhusu mpira. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nachagua mchele, na baba, kwa kuchoka kuongea peke yake, akaanza kuongea na mimi kupitia lile pazia. Hakunionyesha redio. Alinisikilizisha. "Sikia huo mvumo," alikuwa akisema, "hapo kapasita imekufa. Sikia huo mkwaruzo, hilo ni vumbi kwenye kitufe cha sauti." Nilijua magonjwa ya redio kwa masikio kabla sijaona redio ikiwa wazi. Baadaye aliniruhusu kupita upande ule na kushika chuma cha kulehemea, lakini kwanza alihakikisha wateja wameondoka na mlango umefungwa.

Baba alipofariki, duka likawa la kaka. Sikushangaa, ndivyo mambo yalivyo kwetu. Mimi nilikuwa nimeolewa, nikaachika, nikarudi kwa mama na kwenye benchi lilelile la nyuma. Redio zilikuwa zimekwisha kuwa takataka kwa sababu kila mtu ana simu, na siku moja kaka akapokea mashine ya kaseti kutoka kwa mtu aliyedhani tunatengeneza kila kitu kinachotumia umeme. Alitaka kuirudisha. Nikamwambia aiwashe tu, nisikie. Tangu siku hiyo hatujawahi kukosa kazi.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Mteja analalamika, kaka anaiwasha mashine juu ya kabati, mimi nasikiliza. Ile ya kijivu ya sidii ikiwa inatafuta na kukwaruza, inatafuta na kukwaruza, najua reli ya plastiki inayobeba jicho la leza imelika, na nyumbani huyo bwana amekuwa akiichezea imegeuzwa kichwa chini ili isome. Ile ya kaseti ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika, najua meno yanayoshika kaseti yamelegea, tena yameota kutu, maana watu wote wa mji huu wanaamini kwamba kaseti isiposhika dawa yake ni kuipuliza kwa mdomo. Wamezitemea mate mashine zao utoto mzima, kisha wanauliza kutu imetoka wapi.

Na kuna kasoro nisiyoijua kwa sikio ila kwa pua. Kapasita za kizazi fulani zikizeeka huvuja maji yao juu ya ubao, na ukigusa hapo kwa chuma cha moto hupanda harufu ya samaki. Si mfano, ni samaki kweli, samaki wa mchana, wa Ggaba kule ziwani, boti zikiwa zimeshashusha na jua limeshapanda. Kwa hiyo kaka akiingia nyuma ya pazia na kuninong'oneza, "Ina nini?" mimi nilijibu neno moja tu, "Ggaba," naye akarudi mbele, akavuta pumzi ya kitaalamu, akamwambia mteja kapasita zimevuja. Wateja walimwona ana kipaji. Mmoja, Mganda mnene mwenye kicheko, alimwambia mbele yangu, yaani mbele ya pazia langu, "Ssebo, bwana, wewe iko na macho ndani ya mikono!" Kaka akacheka naye. Nami nilikuwa nimejichoma kidole wakati huohuo na sikuweza hata kusema "ai".

Mtu ataniuliza kwa nini nilikubali. Nilikubali kwa sababu nilikuwa naipenda kazi, na kazi ilikuwa nyuma. Mbele kulikuwa na maneno tu. Nilijiambia hivyo kwa muda mrefu, na nusu yake ni kweli. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka siku moja, mara moja tu, mtu aulize fundi yuko wapi na aonyeshwe mimi. Sikutaka kiti cha plastiki wala chai. Nilitaka neno lile liniangukie mimi.

Basi nikajitafutia alama. Kila mashine niliyoifunga, niliweka nukta ya rangi ya kucha kwenye skrubu moja, ile iliyo karibu na tundu la waya wa umeme, nusu ya nukta juu ya chuma na nusu juu ya plastiki. Mtu akiifungua, nukta inapasuka, nami nikiipata tena najua kwamba mkono mwingine umepita. Hiyo ndiyo faida yake ya kifundi. Faida nyingine sikuisema. Mama aliiona chupa ya rangi kwenye benchi akashtuka, maana kwetu mwenye kuswali hapaki kucha, maji ya udhu hayapiti. "Rangi ya kucha ya nini, na wewe unaswali?" Nikamwambia ni ya skrubu, na skrubu haziswali. Aliguna akaenda zake. Ilikuwa nyekundu iliyokolea, karibu na rangi ya damu, na nilikuwa naipaka kwa njiti ya kiberiti ili iwe ndogo.

Halafu akaja Mkenya. Alikuwa na mkahawa mtaani kwetu, alikulia Nairobi kwenye nyumba za ghorofa ambako, alivyomsimulia kaka, mtoto mmoja tu alikuwa na mashine na wengine wote walikuwa wafuasi wake. Sasa yeye alitaka kuwa mtoto yule. Alitaka ukuta mzima wa mashine za zamani, zote zinafanya kazi, mteja achezee akisubiri kuku wake. Alizileta zote kwetu, gari limejaa hadi kiti cha mbele.

"Fundi ako wapi?" aliuliza.

"Mimi hapa," kaka akasema.

Zilinichukua msimu mzima wa mvua. Kulikuwa na mashine ambayo panya walikuwa wamezalia ndani. Kulikuwa na nyingine ambayo fundi fulani aliigusa zamani, akaweka kapasita kinyume, hasi kwenye chanya, kisha akafunga na kunyamaza. Nilitoa, nikasafisha kwa spiriti na pamba, nikafuata njia za ubao moja baada ya nyingine kwa kipima umeme mpaka shingo inakaza. Picha ya mwisho ilipotulia kwenye kioo, bila mistari, bila theluji, nilicheka peke yangu. Niliweka nukta yangu nikavuta pazia kidogo kumtazama kaka. Alikuwa amelala mdomo wazi.

Siku ya kufungua ule ukuta, kaka alivaa kanzu na koti jipya. Mimi na mama tulialikwa kama jamaa wa fundi, tukawekwa meza ya pembeni karibu na jikoni. Mkenya akasimama, akamshika kaka bega, akawaambia wageni, "Huyu jamaa ni moto. Hizi mashine zilikuwa maiti. Amezifufua zote, yeye mwenyewe, na mikono yake." Watu wakapiga makofi, wakampiga picha, na picha ile ikatundikwa ukutani kwenye fremu juu ya zile mashine. Mama alitokwa na machozi ya furaha. Nilisubiri kaka anitazame, hata jicho la pembeni tu, la wizi. Hakunitazama. Watu walipokwenda kuchukua chakula nilijisogeza ukutani, nikainua mashine moja kidogo kana kwamba naangalia vumbi, nikaiona nukta yangu. Nilikula kuku wa Mkenya yule, na nilikuwa na hasira na mama kuliko na mtu mwingine yeyote, kwa sababu yeye alijua.

Baadaye Mkenya akapata mashine moja adimu. Ilikuja kutoka Japani ndani ya buti la gari la mtumba, zawadi ya rafiki yake anayeagiza magari. Nyeupe, safi, haina hata mkwaruzo. Alikuwa ameshaichomeka ukutani kwake mwenyewe ikakataa kuwaka, akaileta. Nilielewa hata kabla ya kuishika. Umeme wa nyumba za Japani haufiki nusu ya wetu, na mashine ya kule huwezi kuichomeka hapa bila transfoma ya kuushusha. Fyuzi yake ilikuwa imekufa ili mashine ipone, ndiyo kazi ya fyuzi. Nilimwambia kaka hivyo neno kwa neno: fyuzi mpya, transfoma, basi. Nikamwambia pia asiiguse, maana nilikuwa naondoka kwenda Ggaba kumuuguza shangazi, nitaimaliza nikirudi.

Nilimuuguza shangazi. Nilirudi nikakuta harufu dukani, na haikuwa ya samaki. Ilikuwa ya plastiki na ya kitu kilichopikwa mpaka kikawa mkaa. Mashine nyeupe ilikuwa juu ya benchi langu, matundu yake ya hewa yamekuwa meusi.

Kaka alisimulia huku akichungulia chai yake. Mkenya alikuwa na wageni, akampigia simu, akamwambia, fundi, niletee ile nyeupe leo niwaonyeshe. Angesema fundi hayupo? Angemwambia nani? Kwa hiyo aliifungua. Akaona fyuzi imekatika, na fyuzi ya aina hiyo hapakuwa nayo karibu. Akafanya wanavyofanya watu majumbani kwao, fyuzi ya ukutani ikifa: akachukua uzi wa waya, akafunga upande huu na upande huu, akaifunika. Akaenda nayo mkahawani, akaichomeka ukutani mbele ya wageni wote. Ikatoa mlio, kisha moshi, na mtoto mmoja akaanza kulia.

"Wageni walicheka?" niliuliza.

"Mwanzoni."

Nilitaka kumwonea huruma. Naapa nilitaka, maana kaka yangu si mtu mbaya, ni mtu aliyepewa kiti kisicho chake akazoea. Nikaigeuza mashine chini juu ili niifungue, nikaona nukta.

Zilikuwa nukta nyingi, si moja. Kila skrubu ilikuwa imepakwa, kichwa kizima, rangi imemwagika mpaka kwenye plastiki. Na haikuwa nyekundu yangu. Ilikuwa ile ya waridi inayong'aa, ya mkewe. Nilipogusa moja kwa ukucha, ilikuwa bado laini.

"Hii ni nini, kaka?"

Akaniambia, na alisema haraka ili iishe. Mkenya alikuwa amewaka moto, anauliza fundi gani anachoma kitu cha watu. Basi alimwambia kwenye simu kwamba si yeye aliyeifungua, ni dada yake. Kwamba dada yake huwa anachezea vitu vya dukani fundi akitoka. Kwamba ana tabia ya kutia rangi ya kucha kwenye skrubu, aje mwenyewe aangalie.

Kumbe alijua. Miaka yote ile nilidhani nukta yangu ni siri yangu, naye alikuwa ameiona, ameinyamazia, ameiweka akiba kama mwavuli. Nilikaa kwenye kigoda changu. Sikulia. Nilifanya nilichozoea, nikafungua mashine. Njia ya umeme ilikuwa imeungua mwanzo hadi mwisho, kapasita kubwa imepasuka tumbo, na moto ulikuwa umepita hadi kwenye ubao mkuu ambao huwezi kupata mwingine katika duka lolote la Kampala. Penye fyuzi palikuwa na ule uzi wa waya, umebaki kipande chenye ganda jeupe. Niliutambua. Ulikuwa wa chaji ya simu ya kaka, aliyokuwa akilalamika imeharibika. Nilikitoa kile kipande nikakiweka kiganjani.

Nilikwenda kwa mama kwanza. Nilidhani nikimwonyesha atasema neno. Alikuwa anamenya vitunguu vya soko la Kalerwe, alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho kwa kiwiko, kwa ajili ya vitunguu.

"Msitiri kaka yako, mwanangu," akasema. "Yeye ana watoto. Ana jina mtaani, anasalimiwa msikitini. Wewe jina lako kwenye kazi hiyo nani analijua? Hutapungukiwa na kitu."

Kwetu kumsitiri mtu wako ni jambo kubwa. Aibu ya ndugu hufunikwa hata kwa nguo yako mwenyewe, nami nilifundishwa hivyo na mama huyuhuyu tangu sijui kusoma. Lakini sijawahi kusikia maneno yakanichoma kama yale. Hakuyasema kwa ubaya. Aliyasema kama mtu anayepiga hesabu ya unga. Nikarudi dukani na kipande changu cha waya, nimeshaamua kwamba nitakiweka juu ya kabati la vioo mbele ya Mkenya na sitasema kitu, waya utasema. Mama alinifuata, akaingia kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye kigoda changu.

Mkenya akaja. Nilimsikia mlangoni akiuliza, tena kwa sauti isiyo na utani, "Fundi ako wapi?"

Nilisikia kiti cha plastiki kikisogea. Halafu kaka yangu, kwa mara ya kwanza tangu baba afariki, alilivuta lile pazia mbele ya mteja. "Dada," akasema, "njoo. Unaitwa."

Nikatoka na ile mashine nyeupe, nikaiweka juu ya kabati. Duka lilionekana dogo kutoka upande ule. Mkenya alikuwa mfupi kuliko sauti yake, na alinitazama kwanza mikono, kisha uso, kisha mtandio. Ilikuwa mara ya kwanza mteja kunitazama akitaka jibu.

"Ni wewe unafunguanga mashine hapa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali jingine. Nilidhani ataniuliza kuhusu ile nyeupe tu, na jibu lake lilikuwa kiganjani mwangu. Lakini aliniuliza lile swali nililolingoja maisha yangu yote, bila yeye kujua, na mdomo ukanitangulia.

"Ndiyo," nikasema. "Fundi ni mimi. Zile zako zote ukutani nimezitengeneza mimi. Zigeuze uone, kila moja ina nukta yangu."

Alimtazama kaka. Kaka alitazama chai. Nakiri kwamba kwa muda ule mfupi nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimelisema, limetoka, na hakuna aliyenikatiza.

"Zote?" Mkenya akauliza.

"Zote."

"Na hii pia?"

Hapo ndipo nilipoona niliposimama. Nikisema hapana, basi ni nani mwingine aliyeko dukani? Nilifungua kiganja kidogo. Kipande cha waya kilikuwa kimenitia alama nyekundu kwenye ngozi. Kaka alikiona. Kikombe kikagonga kisahani chake, na nyuma ya pazia mama akakohoa.

Baba alinifundisha kusikiliza kupitia pazia lile, na nilikisikia kikohozi kile chote, mwanzo wake na mwisho wake. Hakikuwa cha vumbi. Nilifunga kiganja.

"Na hii pia," nikasema.

Mkenya akashusha pumzi, na uso wake ukatulia kabisa. Alikuwa mtu aliyekuja na fumbo na amelifumbua. "Aah," akasema. "Sasa nimeelewa." Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alitoa simu, akampigia mtu wake wa mkahawani, akamwambia mbele yangu, kwa sauti ya upole hata: "Zima zile mashine zote, usiwashe hata moja. Tutatafuta fundi azikague upya. Kumbe zilifanywa na huyu msichana wao." Kisha akampa kaka mkono, akamwambia ajihadhari na nani anamwachia duka, akaondoka na maiti yake nyeupe kwapani.

Mimi sina umri wa kuitwa msichana.

Kaka alilitazama gari mpaka likatoka. Nilidhani ataniambia ahsante, na nilikuwa nimejiandaa kuikataa. Alinigeukia na uso wa mtu aliyekosewa. "Sasa kwa nini ukasema zote?" akaniuliza. "Si ungesema hii moja tu?"

Nilipita nyuma, nikamwondoa mama kwenye kigoda changu, naye akainuka, akanigusa bega. Nilimkwepa. Aliniambia nimefanya jambo la heri, kwamba Mungu ameona. Nikamwambia Mungu ameona, ndiyo, yeye peke yake. Sikumsitiri kaka kwa mapenzi, na siandiki hapa kwamba nilimsitiri kwa mapenzi. Nilimsitiri kwa sababu mama alikohoa, na tangu siku ile sijaweza kula chakula chake bila kukisikia kikohozi kile.

Picha ya kaka bado iko ukutani kwa yule Mkenya, wateja wameniambia. Zile mashine zilikaguliwa na mtu kutoka mjini, akazifungua zote, akazipasua nukta zangu zote, akazirudisha alivyozikuta kwa sababu hazikuwa na kasoro. Habari hiyo nayo ilimfikia kaka, si mimi. Aliambiwa, "Kumbe kazi yako ilikuwa safi, fundi, pole kwa yaliyotokea." Alinisimulia kwa furaha, akifikiri nitafurahi.

Siwezi kusema hakuna kilichobadilika. Mteja akiingia na kaveera yake na kuuliza fundi yuko wapi, kaka bado anasema, "Mimi hapa." Lakini mteja akirudi siku nyingine na lawama, labda waya wa nyumbani kwake ni mbovu, labda ameipuliza tena kaseti yake, kaka hulivuta pazia na kusema, "Dada, njoo, fundi unaitwa."

Nami hutoka.